Makofi ya Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Nina miaka themanini na moja, na daktari ameniambia, kwa ile adabu tuliyokuwa tukiwafundisha wauguzi, kwamba nisipange mambo ya baada ya masika. Uvimbe uko tumboni. Nimeuguza wengi wenye uvimbe kama huu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunificha, na hakujaribu.

Nina jambo moja la kusema kabla sijaondoka. Nimekaa nalo miaka arobaini na minne. Naliandika hapa ili mkono uzoee, huenda mdomo ukafuata.

Mjukuu wangu amehamia kwangu muhula huu. Yuko mwaka wa pili wa uuguzi, katika chuo kile kile nilichofundisha mimi mpaka nikastaafu. Baba yake, mwanangu wa pekee, anafanya kazi mbali. Walikubaliana kwenye simu kwamba msichana atanitazama huku anasoma. Muuguzi wa zahanati amemwagiza anipime uzito kila Jumatatu, na mizani ipo: ile ya chuma yenye kijiti cha kusukuma kwa kidole, niliyopewa chuo kilipoleta mizani mipya.

"Arobaini na saba," alisema asubuhi. "Wiki iliyopita ilikuwa arobaini na nane na nusu."

Kisha akapanda yeye, viatu mkononi. Akasukuma kijiti, akakirudisha, akakisukuma tena kana kwamba kingebadili mawazo.

"Sabini na mbili. Bibi, nigawie hayo maradhi yako kidogo. Kilo kumi tu zinanitosha."

Tulicheka wote wawili. Mimi ndiye niliyeacha kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Uji nusu kikombe.

Jumamosi, 8 Machi

Leo hana zamu, tumeongea. Mwaka wa kwanza aliishi bwenini. Zamu ya asubuhi inamtoa bila chai, mchana hakuna nafasi ya kukaa, na saa kumi wakitoka wanakwenda kwa muuza chipsi wa getini na soda mbili mbili, kwa sababu miguu inauma na mtu anaona anastahili. Akitoka zamu ya usiku analala mchana kutwa, anaamka na njaa isiyojua ni ya chakula gani. Kilo tisa kwa mwaka mmoja. Sare haifungi kifuani. Anaibana kwa pini kwa ndani. Wenzake wanamwita Sista Godoro.

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia godoro ndilo linalobeba wagonjwa."

"Jibu zuri, mke mwenzangu."

"Nililitunga siku tatu, Bibi."

Jioni alinipakulia mimi. Yeye alisema amekula chuoni. Chuo leo kimefungwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mimi 46. Yeye 70 na nusu.

Jumatano, 12 Machi

Anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi na moja jioni. Katikati hapo ni mimi na mabati. Kitanda changu kiko dirishani. Naona ukuta wa jirani mshonaji, na maji yanayoshuka juu yake yakiacha mchirizi mweusi. Mlango hauko kwenye komeo, ili atakayekuja kunikuta asilazimike kuuvunja. Redio imeisha betri toka juzi. Nasahau kumwambia anunue, na akirudi nafurahi hata sikumbuki kwamba ilikuwa kimya.

Niliwahi kuwa na wanafunzi arobaini kila darasa. Nikiingia walisimama wote kwa mkupuo mmoja. Leo mtu akipita nje na mwavuli naomba tu akohoe.

Jumapili, 16 Machi

Mwanangu kapiga simu.

"Mama, unakula?"

"Nakula vizuri, mwanangu."

Ulimi wangu haujapoteza ustadi wake.

Jumatatu, 17 Machi

Mimi 45 na nusu. Yeye 67 na nusu. Kilo tatu kwa wiki moja.

"Hongera," nilisema, na viganja vyangu vilikuwa vimeshakutana kabla sijajua nafanya nini. Nikapiga makofi, mara tatu au nne. Yeye akainama kama mwigizaji jukwaani, akashuka, akaenda chuoni bila kugusa mkate niliouweka mezani.

Nimegeukia ukutani mpaka mchana.

Palikuwa na mwanafunzi. Tulimwita Binti wa Fundi Saa, kwa kuwa baba yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa karibu na stendi. Leo siwezi zaidi ya hapo.

Jumatano, 19 Machi

Anakunywa maji mno. Nimehesabu: glasi nne kati ya kurudi na kulala. Nikamwambia alete kipimo cha sukari cha zahanati.

"Bibi, nani mgonjwa hapa?"

"Lete kidole."

Nne nukta sita. Nikashukuru kwa sauti, akanitazama kama mtu anayejiuliza iwapo dawa ya maumivu imenifika kichwani.

"Maji yanaziba njaa," akasema, akijifuta kidole. "Ndiyo siri yenyewe."

Hiyo siri naijua. Sijui ameitoa wapi.

Jumatatu, 24 Machi

Mimi 45. Yeye 65. Sasa najua ile siri ya maji ameitoa wapi.

Alipokwenda bombani niliinua mto wake nitafute kitambaa changu. Chini yake palikuwa na karatasi nne zilizoshonwa kwa uzi, maandishi ya mashine ya taipu, pembe zimeliwa na mende. *Kanuni za Mwili wa Muuguzi*. Chini kabisa, jina langu na saini yangu, kubwa, ya mtu asiyekuwa na shaka na chochote.

"Muuguzi mnene hawezi kufundisha afya." "Njaa ni kelele, ukiipuuza itanyamaza. Maji huisaidia kunyamaza." "Chakula cha jioni ni cha wagonjwa na watoto." Zipo kumi na tisa. Hakuna aliyenituma kuziandika. Niliziandika wiki moja ya likizo, nikiwa na miaka thelathini na sita, kiuno cha nyigu, na sifa mkoa mzima. Mama yangu alikuwa mwembamba, na mama yake pia. Nilichopewa bure nilikichukua kuwa juhudi yangu, nikawadai wengine.

Akaingia na ndoo, akaniona nazo mkononi.

"Nilizikuta kwenye sanduku la sare zako," akasema, na hakuwa na aibu hata chembe. "Ndizo zinazonisaidia, Bibi. Mkufunzi wetu anasema kula kabla ya zamu, beba chakula, lala, tembea, mambo ya polepole. Polepole mpaka lini? Wewe uliandika kitu kinachoeleweka. Na pale chuoni bado wanakusimulia. Mama Mizani. Wanasema ukipita hata magodoro yalikuwa yanavuta tumbo ndani."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Zina makosa ya chapa," nikasema.

Jumanne, 25 Machi

Sikusema.

Alhamisi, 27 Machi

Nilianza. Nikasema, "Zamani, nilipokuwa nafundisha." Akavuta kiti, macho yanang'aa, akingoja hadithi ya ushujaa. Nikamsimulia ile ya daktari aliyefunga bandeji mguu usiohusika. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha aliendelea kuishika meza baada ya kicheko kwisha.

Siogopi kufa. Niliona wengi wakifa, ni kazi inayowezekana. Ninaogopa atakavyonitazama akishajua, kwa sababu hana badala yake. Hakuna mwingine anayeingia humu.

Jumatatu, 31 Machi

Mimi 44. Yeye 62 na nusu. Nimemwomba asipande, akapanda. Nimeweka mikono chini ya shuka.

Jumatano, 2 Aprili

Saa saba mchana gari lilisimama nje. Mkufunzi wa mjukuu wangu aliingia amemshika kiwiko, na msichana ana plasta kwenye nyusi. Alianguka wodini akitandika kitanda, akapiga uso kwenye chuma chake. Mgonjwa aliyekuwa akingojea kitanda hicho ndiye aliyeita watu.

Mkufunzi ni mwanamume wa makamo, mpole, viatu vimelowa. Alivivua mlangoni bila kuambiwa. Alipokwisha kumlaza chumba cha pili alikuja kwangu.

"Shikamoo, Mama. Ulinifundisha mwaka wako wa mwisho."

"Marahaba. Ulikuwa unakaa nyuma."

"Nyuma kabisa, nilikuwa nakuogopa." Akatabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Mama, huyu hajala toka jana asubuhi. Shinikizo liko chini, mdomo mkavu. Nimemwambia mara tatu, uzito ushuke kama mtu anayeshuka ngazi, si kama anayeanguka. Ananijibu kwamba ana mwongozo wa mtu anayemwamini kuliko mimi. Labda wewe utamwuliza ni nani. Wewe atakusikiliza."

Hakujua. Alinitazama kwa heshima yote ya mtu aliyekaa nyuma. Nikamwambia nitamwuliza.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimesema. Ninaandika kama nilivyosema, mkono ukichoka nitapumzika.

Alipewa siku tatu za kupumzika. Asubuhi nikamwita, nikamwomba akae kitandani kwangu, upande wa miguu, nisiuone uso wake kwa karibu. Nikamwambia zile karatasi aliletewa na mzimu, na mzimu ni mimi.

Binti wa Fundi Saa alikuja chuoni akiwa na kilo sabini na nne. Mcheshi, mwenye mikono mizuri. Mgonjwa aliyechomwa sindano naye hakugundua imeingia saa ngapi. Wakati ule nilikuwa na desturi yangu ya Jumatatu. Waliozidi mstari niliouchora mimi walipanda mizani mbele ya darasa, namba ikaandikwa ubaoni, na aliyepungua alipigiwa makofi na wenzake. Nilidhani natia moyo. Wiki ya kwanza akapungua kilo mbili. Ya pili, tatu. Ya tatu, tatu tena. Makofi yakawa makubwa zaidi. Alitoboa mkanda wa sare matundu mapya kwa msumari, na mimi nilimsimamisha mbele, nikawaonyesha wengine mkanda huo: tazameni juhudi.

Wiki hizo hizo aliomba ruhusa kila kipindi, kunywa maji, kisha kwenda haja. Siku ya kwanza nilimruhusu. Baadaye nilimwambia kiu ni tabia, na tabia hukatazwa. Darasa likacheka. Alikaa, akalamba midomo.

Mjukuu wangu hapo aliinua kichwa. Ni mwanafunzi mzuri.

"Kiu," akasema. "Mkojo. Kupungua."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha somo la kisukari. Niliandika dalili hizo tatu kwenye ubao ule ule, Alhamisi, chini ya namba za Jumatatu zilizokuwa hazijafutika vizuri."

Jumatatu ya tano alikuwa na kilo sitini. Tulipiga makofi. Alasiri alianguka wodini, akapumua kwa nguvu kama aliyekimbia. Daktari wa zamu alikuwa kijana, mgeni. Akaniuliza: "Dada, kuna lolote mmeliona wiki hizi? Amepungua? Ana kiu?"

Hapa nilisita, na mjukuu wangu hakunisaidia. Aliningoja.

Nikasema, "Hapana."

Neno moja. Ubao ulikuwa na namba, watu arobaini walikuwa na viganja vyekundu, na mimi nilikuwa mkufunzi mwenye sifa. Nilijiambia kwamba ni malaria, kwamba kila mtu ana malaria. Daktari aliniamini kwa kuwa nilikuwa mimi. Wakamtundikia dripu ya kwinini yenye maji ya sukari. Nikaenda darasani, nikafuta ubao, nikachana karatasi ya mwezi ule kwenye daftari la uzito.

Sikulala. Kulipopambazuka nikachukua mkojo wake, nikauchemsha mwenyewe kwenye mrija na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari. Ikageuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya tofali. Nilikimbia na mrija mkononi. Insulini ilifika saa sita mchana kutoka hospitali kubwa. Yeye aliondoka saa tano.

Baba yake alikuja kuchukua vitu. Alivaa koti safi, mafuta ya saa yakiwa kwenye kucha zake tu. Akaukunjua ule mkanda, akauinua dirishani kama anavyotazama gurudumu dogo la saa.

"Haya matundu manne si ya fundi," akasema. "Kayatoboa nani?"

"Mwenyewe, mzee."

Akapitisha ncha ya kidole juu ya kila moja. "Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula vizuri, mzee."

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumtunza binti yake.

Baada ya hapo mizani ya Jumatatu ilikoma. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilifundisha miaka mingine ishirini na mitatu, na nilifundisha vizuri.

Mvua ilipungua, ikaanza tena.

"Daktari alikuuliza, na yule msichana alikuwa bado hai," mjukuu wangu akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Nilimtajia. Jina hilo sijalitamka toka siku ile. Akalirudia polepole mara mbili, kama analishika.

Kisha akaenda chumba cha pili. Nilisikia zipu ya begi.

"Nitalala bwenini siku chache, Bibi. Nitamwambia jirani aje."

Kabla ya kutoka alipima dawa yangu kwenye kikombe, akainua kikombe usawa wa macho kama inavyotakiwa, akakiweka ninapofikia. Hakunitazama.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Jirani mshonaji huleta uji asubuhi na jioni. Anasema nimekonda mpaka magauni yangu anaweza kuyageuza foronya. Anasema mengi, namshukuru. Akishatoka nasikiliza nyayo zake mpaka zinapokatika.

Mwanangu kapiga simu. "Mama, unakula?"

"Hapana, mwanangu. Uji vijiko vitatu. Na binti yako ameondoka kwa kosa langu, si lake."

Akasema atakuja mwisho wa mwezi. Nimemwambia asichelewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuna aliyenipima.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemaliza barua. Imenichukua siku tatu na ukurasa mmoja. Niliandika kwanza kurasa tano zenye sababu, nikazichana. Iliyobaki ina niliyoyafanya tu, na jibu sahihi la swali la yule mzee. Niliwahi kusikia kwamba amekufa na kibanda amekishika mwanawe, mdogo wa yule binti. Sina miguu ya kuipeleka.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa tano, mlango. Nikadhani jirani.

Alikuwa na begi mgongoni na sufuria mkononi. Plasta imeondoka, pamebaki mstari. Akapakua wali na maharage, sahani moja, akakaa kwenye kiti.

"Sijakusamehe, Bibi," akasema. "Wala si mimi wa kusamehe. Ila nina zamu saa nane na sipendi kula peke yangu."

Akala. Mwanzoni alitafuna kama mtu anayetii amri, baadaye kama mtu mwenye njaa. Nilipoona sahani iko nusu nilimwonyesha barua kwa kidole. Akaisoma huku ameshika kijiko. Akaikunja, akaiweka mfuko wa sare.

Hizo kanuni kumi na tisa aliziwashia jiko. Aliniuliza kwanza.

Alhamisi, 17 Aprili

Amefika kibandani. Mdogo wa marehemu sasa ana mvi. Aliisoma barua amesimama, lenzi bado ipo jichoni, akaisoma tena. Akaiweka kwenye droo ya vipuri, chini kabisa. Akasema, "Haya."

"Hakusema lingine?"

"Alisema baba yake aliutunza ule mkanda mpaka akafa. Hakuwaambia kwa nini. Halafu akaniuliza mimi, nimesimama na sare hivi: na wewe, unakula?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nilikuwa sili. Nikamwambia naanza."

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua imekatika siku mbili. Mkono hauendi vizuri, nitaandika kidogo.

Mizani iko nyuma ya mlango. Ametundika sare juu ya kijiti chake ili isikunjane. Mkufunzi wake atampima mara moja kwa mwezi, faragha, na kilo mbili zimerudi. Anakwenda chuoni kwa miguu, anarudi kwa miguu. Asubuhi hii alijaza kopo la kwenda nalo kazini: viazi viwili, yai, mboga, chungwa. Kisha akakaa hapa kitandani, upande wa kichwa, akanywa chai na mkate wote, akaokota hata makombo kwenye shuka langu.

Nimemtazama mpaka akamaliza. Sikupiga makofi.